Amri ya Hakimu Haivuki Ziwa Peke Yake

Mzazi akimchukua mtoto Marabo, kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda, akavuka naye Ziwa Albert hadi Uganda, aliyebaki hana njia ya mkato. Mkataba wa Hague wa 1980, unaotaka mtoto arejeshwe upesi, Kongo na Uganda hazimo. Ipo sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009, iliyounda mahakama za watoto. Lakini amri ya hakimu haina miguu.

Wanaoivusha ni wafanyakazi wa jamii na wapatanishi. Huketi na mama, kisha na ukoo wa baba, kila upande kivyake, maana wakikutanishwa mapema wataanza na mahari na matusi. Hupiga simu ng'ambo; mtandao ukikatika, hupiga tena. Huandika ripoti kwa Kifaransa baada ya kutwa nzima ya kusikiliza Kiswahili. Lililo gumu zaidi, naamini, ni kumwuliza mtoto analala kwa nani na anaogopa nini, bila kumchagulia mzazi.

Wanaopanga bajeti ya haki, Bunia na Kinshasa, wawape nauli na uniti za simu.