Sauti Mbili za Opeth

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuliona kundi la muziki wa hevi metali likijadiliwa katika kurasa hizi. Tunawaomba wavumilie, kwa kuwa albamu za Opeth, kundi la Stockholm nchini Sweden, zinatuwekea swali la kweli: je, sauti ya upole hubaki na uzito wake pale sauti ya ukali inapoondolewa?

Tangu Orchid (1995), mwimbaji Mikael Åkerfeldt alitumia sauti mbili: moja ni ngurumo itokayo kooni, ambayo asiyeizoea hawezi kupambanua maneno yake, ya pili ni safi na tulivu. Katika Morningrise (1996) kila mmoja wa nyimbo 5 ulizidi dakika 10. Hata hivyo, vipande vyake vilifuatana tu, bila kuitana.

Ni katika Still Life (1999) ndipo sauti hizo zilipopata kazi. Albamu nzima yasimulia habari za mtu aliyefukuzwa mjini kwake kwa kuwa hakushiriki imani ya wenzake. Miaka mingi baadaye anarudi kumtafuta Melinda, mpenzi wake, na mwisho wao ni mauti. Ingekuwa rahisi kusema kwamba ngurumo ni dhambi na utulivu ni wema. Sivyo. Ngurumo ni kilio cha aliyetengwa, nao utulivu ni kumbukumbu ya alichonyang'anywa. Sisi tunaowaandaa watumishi watakaokabidhiwa marudi ya usharika hatukuweza kuisikiliza kwa moyo mwepesi.

Blackwater Park (2001), iliyotayarishwa pamoja na Mwingereza Steven Wilson, ilikamilisha ufundi huo. Kisha zikaja albamu mbili zilizorekodiwa pamoja: Deliverance (2002) yenye ukali, na Damnation (2003) isiyo na ngurumo hata moja. Mtu aweza kutupinga kwa hiyo Damnation, maana ni nzuri mno. Lakini ilizaliwa pacha. Upole wake twausikia tukiwa bado na mshindo wa mwenzake masikioni.

Kuanzia Heritage (2011) hadi In Cauda Venenum (2019), iliyotolewa kwa Kiswidi na kwa Kiingereza, ngurumo ilinyamazishwa katika albamu 4 mfululizo, na muziki ukaelekea roki ya miaka ya 1970. Wengi waliita jambo hilo usaliti. Hatukubaliani nao: msanii hafungwi na desturi yake. Hata hivyo, hatuna budi kukiri kwamba Sorceress (2016) ilitupendeza bila kututikisa.

The Last Will and Testament (2024) imeirudisha ngurumo. Kisa ni wosia wa baba tajiri unaosomwa mbele ya watoto wake baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na siri za nyumba zinafunuliwa kipengele kwa kipengele. Wako wanaodai kwamba kundi limerudi nyuma ili kuwaridhisha mashabiki. Sisi twasikia jingine: filimbi ya Ian Anderson inapoingia katikati ya ukali ule, upole umepata tena kitu cha kujibu.