Asilimia 0.7: namba tunayoinukuu vibaya

Bila shaka umeshauona ule mchoro: chembe ya nano imebeba dawa, inasafiri kwenye damu, inafika kwenye uvimbe wa saratani na kuushambulia huo tu. Mchoro mzuri, ila unadanganya.

Mwaka 2016 Stefan Wilhelm na wenzake, kwenye maabara ya Warren Chan huko Chuo Kikuu cha Toronto, walipitia tafiti 117 za wanyama, hasa panya. Swali lao lilikuwa rahisi: chembe zikidungwa mwilini, ni ngapi zinafika kwenye uvimbe? Jibu la kati: asilimia 0.7. Yaani katika chembe 1,000, saba tu! Nyingi ya zilizobaki hunaswa na ini na wengu, ambavyo kazi yake ni kuchuja damu.

Makala hii naiheshimu. Ilitukatisha makofi tuliyokuwa tunajipigia. Ugomvi wangu ni kwamba namba yenyewe imesimama peke yake. Dawa ya kawaida, isiyobebwa na chembe, inafikisha kiasi gani? Bila kulinganisha, utajuaje kwamba 0.7 ni aibu?

Chukua Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Ni doksorubisini iliyofungwa ndani ya kifuko cha mafuta. Kwenye saratani ya matiti iliyosambaa, haikuizidi doksorubisini ya kawaida katika kuzuia ugonjwa. Faida yake ilikuwa kwingine: iliumiza moyo kidogo zaidi. Lakini nayo ikaja na madhara yake, viganja na nyayo kuuma na kuchubuka.

Kwenye picha za MRI mambo yanageuka kabisa. Feridex, chembe za oksidi ya chuma zilizoidhinishwa 1996, zilitegemea ini lizimeze. Ini zima linakuwa jeusi kwenye picha, uvimbe usiozimeza unabaki mweupe. Kumbe kile tunachokiita kushindwa kwenye tiba ndicho kilichofanya kipimo kifanye kazi.

Kwa hiyo ukikutana na habari mpya ya chembe za nano, uliza mawili: zimelinganishwa na nini, na zisizofika zimekwenda wapi? Haya si maswali ya maabara tu. Mgonjwa aliyeahidiwa dawa isiyogusa kingine chochote, siku viganja vikianza kuchubuka, atadhani mwili wake ndio wenye kasoro. Kumbe kasoro iko kwenye mchoro wetu.