Tarehe za Jacob Wainwright

Sisi wapenzi wa ushairi tumezoea kuifungua shajara kama tufunguavyo diwani: twatafuta moyo wa mtu. Atakayeifungua hivyo shajara ya Jacob Wainwright ataifunga upesi. Yaanza tarehe 4 Mei 1873, yakoma tarehe 18 Februari 1874, na jambo lake ni moja: kuuchukua mwili wa David Livingstone kutoka kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi pwani. Mwandishi alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Nassick, karibu na Bombay. Kiingereza alichokitumia alikipata darasani.

Misukosuko ya nyanda za kati twaijua zaidi kwa Chuma na Susi. Kwihara, kando ya Tabora, Luteni Cameron aliwashauri wauzike mwili papo hapo, wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji walizuia maiti isipite. Wakafunga mzigo wa uongo, wakaurudisha nyuma kana kwamba waenda kuzika, na maiti yenyewe ikafungwa mfano wa robota la nguo, ikapita. Kisa kitamu! Lakini kimetufikia kwa mkono wa Horace Waller, aliyekitia katika kitabu alichokihariri mwaka 1874, kwa Kiingereza chake mwenyewe. Ni nani atakayetutengea sauti ya Susi na sauti ya mhariri?

Wainwright aliishika kalamu mwenyewe, na hilo kwangu lazidi utamu. Hata yeye hakusalimika: mwaka uleule shajara ilitolewa kwa Kijerumani katika jarida la Petermann, na kwa miaka mingi msomaji alikuwa na tafsiri hiyo tu, hadi mswada wa Kiingereza, uliohifadhiwa Blantyre, Uskoti, ulipotolewa mtandaoni mwaka 2019. Mfasiri yeyote ajua kipoteacho kwanza, nami naijua kazi hiyo: ni kusitasita kwa mwandishi.

Tazama basi jambo la tarehe. Katika mti wa Chitambo Wainwright alichonga 4 Mei. Waller akashika 1 Mei, na ulimwengu ukamfuata Waller. Huenda Waller ndiye aliyepatia. Msafara wenye wagonjwa waweza kupotewa na hesabu ya siku. Ila huyu alikuwapo, aliyasoma maneno ya maziko kwa kinywa chake, na Aprili 1874 alilichukua jeneza pamoja na wakubwa wa Uingereza katika kanisa la Westminster. Alirudi bara akafia Urambo mwaka 1892, na ile 4 Mei hakuifuta.