Jarida Gani kwa Fizikia ya Ziwa Kivu?

Hadhi ya jarida la fizikia hupimwa kwa mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: sifa ya jina lake, na uwezo wake wa kuibeba hoja fulani hadi kwa watu wanaoweza kuihakiki na kuitumia. Ziwa Kivu, kilomita chache tu kutoka Nyundo nchini Rwanda, linaonyesha tofauti hiyo vizuri. Kwa zaidi ya miaka 40 fizikia ya maji yake imechapishwa katika majarida ya kila daraja, na si kila mara jina kubwa ndilo lililofaa.

Kiini cha utafiti ni hali isiyo ya kawaida. Maji ya chini ya Kivu yana joto zaidi kuliko ya juu, lakini hayapandi, kwa sababu chumvi na kaboni dioksidi iliyoyeyuka ndani yake huyafanya kuwa mazito. Joto husambaa ndani ya maji kwa kasi inayokaribia mara mia ya kasi ya chumvi, na tofauti hiyo hulipanga ziwa katika mamia ya tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine kama ngazi. Mwaka 1976 F. C. Newman alieleza ngazi hizo za joto katika Journal of Physical Oceanography. Kupeleka ziwa la bara kwenye jarida la bahari huonekana kama kupotea njia, kumbe ulikuwa uchaguzi wa busara. Swali la jinsi joto na chumvi vinavyosafiri kwa kasi tofauti lilikuwa mikononi mwa wanafizikia wa bahari, na hao ndio waliokuwa na hesabu za kulipima. Mwandishi aliyewafuata wasomaji wenye swali lake alipata wapitiaji walioweza kuona kosa, kama lingekuwapo.

Uchaguzi mgumu zaidi ulikuja mwaka 2005. Martin Schmid, Michel Halbwachs, Bernhard Wehrli na Alfred Wüest walikuwa na hoja nzito: kwamba methani ilikuwa ikiongezeka katika kina cha ziwa, na kwamba gesi ingeweza kukaribia ukomo wa kiasi ambacho maji yanaweza kushikilia kabla karne hii haijaisha. Watu wapatao milioni mbili, ambao mlipuko wa gesi hiyo ungewahatarisha, waliishi kando ya ziwa hilo. Habari ya namna hiyo ingeweza kupelekwa kwenye jarida la kurasa chache linalosomwa na wanahabari. Waandishi walichagua Geochemistry, Geophysics, Geosystems, jarida la kitaalamu lenye nafasi ya kuweka hoja ya mwendo wa maji, bajeti ya gesi na makadirio yote mahali pamoja. Tahadhari inayogusa maisha ya watu inastahili kuchapishwa na hesabu zake zote, ili mwingine aweze kuzirudia.

Na zilirudiwa. Machi 2018 vikundi kadhaa vilipima gesi ya Kivu katika kampeni moja kwa mbinu tofauti: spektrometa ya masi iliyopokea maji yaliyovutwa kwa pampu, mifuko iliyojazwa sampuli humo humo kilindini, na kihisi cha leza kilichoshushwa majini. Vipimo vya methani katika maji ya kina vilikubaliana kwa tofauti ya takriban asilimia 5 hadi 10. Vilipolinganishwa na vya zamani, ongezeko lililodhaniwa kuwapo tangu 1974 halikuthibitika. Makala hiyo ilitoka mwaka 2020 katika PLoS ONE. Miongoni mwa waandishi wake walikuwamo Ange Mugisha na Augusta Umutoni, pamoja na Schmid yule yule wa 2005.

Hapa ndipo sifa ya jina inaposhindwa kuwa kipimo. PLoS ONE huwataka wapitiaji waamue kama kazi ni sahihi. Hawaulizwi kama inashangaza. Matokeo yanayosema kwamba hali haijabadilika hayavutii majarida yanayotafuta jambo jipya, ilhali kwa mkazi wa Rubavu, kando ya ziwa, hayo ni kati ya matokeo muhimu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa kuhusu ziwa hilo. Tena makala hiyo husomwa bure: mwalimu wa fizikia aliyeko Nyundo anaweza kuifungua kwa simu.

Majarida yenye jina kubwa nayo yana mahali pake. Volkano ya Nyiragongo, kaskazini mwa ziwa, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, magma ilijipenyeza kuelekea kusini, chini ya mji wa Goma na hadi chini ya ziwa, huku matetemeko yakiharibu majengo katika mji wa Gisenyi. Uchambuzi ulioongozwa na Delphine Smittarello ulichapishwa katika Nature mwaka 2022. Hoja yake ilivuka mipaka ya mlima mmoja: volkano inaweza kulipuka bila kutoa dalili za awali ambazo mitambo hutarajiwa kuzinasa. Hilo linamhusu kila anayesimamia volkano popote duniani, kwa hiyo jarida la wasomaji wa fani zote lilistahili.

Kipimo kinachotumiwa sana kupanga majarida hugawanya idadi ya mara ambazo makala za miaka miwili iliyotangulia zimerejelewa kwa idadi ya makala hizo. Kwa Kivu, dirisha hilo ni dogo mno. Vipimo vya 1974 vilikuwa bado vinalinganishwa mwaka 2020.

Ada ya kuchapisha pia huamua. Mwaka 2020 Nature ilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala inayosomwa bure. Januari 2023 iliwaondolea ada hiyo waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, Rwanda ikiwamo. PLOS, mchapishaji wa PLoS ONE, iliwahi kuangalia chanzo cha fedha: ada ilisamehewa pale ufadhili mkuu ulipotoka katika nchi za aina hiyo. Kwa kanuni hiyo, mradi wa Gisenyi uliolipiwa na mfuko wa Ulaya ungeweza kukosa msamaha huo, kwa hiyo gharama ya kuchapisha inapaswa kuingizwa kwenye bajeti tangu ombi la kwanza la fedha.