Chuma na Waya: Ufundi wa Kuvuta Gari Bovu

Katika gereji za Dar es Salaam, zile za Tandika, Keko na Chang'ombe wilayani Temeke, na zile za Mwananyamala na Tegeta upande wa Kinondoni, kazi zinazosifiwa haraka ni zile ambazo matokeo yake huonekana papo hapo, kama kufufua injini au kunyoosha bodi. Iko kazi nyingine isiyosifiwa sana, nayo ni kuandaa gari bovu ili livutwe na gari jingine huku likikanyaga barabara kwa magurudumu yake yote manne, bila kuinuliwa wala kupakiwa. Thamani ya ufundi huu ni kwamba anayeufanya vizuri humfanyia kazi mtu asiyemjua wala asiyemlipa, yaani dereva anayekuja nyuma.

Kifungo cha kwanza ni cha chuma. Kamba na mnyororo, ambavyo hutumika mara nyingi kwa kuwa hupatikana kwa urahisi, vinaweza kuvuta lakini haviwezi kuzuia. Gari la mbele likifunga breki ghafla katika foleni ya Barabara ya Mandela, kamba hulegea na gari la nyuma huendelea hadi ligonge, na safari ikianza tena, kamba hukazwa kwa mshtuko unaoweza kuikata au kung'oa pete ya kuvutia. Kwa hiyo fundi makini hutumia chuma kigumu chenye umbo la pembetatu, ambacho miguu yake miwili hufungwa kwa bolti kwenye chasisi, yaani kiunzi kinachobeba gari, wala si kwenye bampa. Ncha yake hushikwa na pini yenye kizuizi, na chini yake hupitishwa minyororo miwili iliyopishana, ili pini ikikatika chuma kiangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami, na magari yasiachane.

Fundi hulazimika pia kujua ni nini kinachokoma injini inapozimwa. Usukani wa haidroliki huwa mzito, na breki hupoteza msaada wa sevo, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwa kutumia mvuto wa hewa wa injini, kwa hiyo baada ya kukanyagwa mara chache pedali hukakamaa. Gari lenye giaboksi ya otomatiki lina sharti zaidi, maana pampu inayosambaza mafuta ya giaboksi kwa kawaida huzungushwa na injini. Magurudumu yanayoendesha yakizunguka huku injini imezimwa, vyuma vya ndani husuguana bila mafuta ya kutosha na kuharibika. Njia salama ni kuyainua magurudumu hayo au, kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, kufungua propela shafti, yaani mhimili unaoyazungusha. Fundi anayekataa kulivuta gari la namna hiyo hivi hivi, hata mwenye gari akimsihi, ana ujuzi mkubwa kuliko anayekubali.

Kifungo cha pili ni cha waya, na hapo ndipo fundi umeme huonyesha kina cha elimu yake. Gari linalovutwa huziba taa za gari linalolivuta, na tawi la mti lililochomekwa nyuma yake humjulisha dereva anayefuata kwamba kuna hitilafu, lakini halimwambii kwamba magari hayo yanasimama au yanakata kona. Kwa sababu hiyo fundi hupeleka nyuma waya tano: wa taa ndogo, wa breki, wa indiketa ya kushoto, wa indiketa ya kulia, na wa ethi, ambao ni njia ya umeme kurudi kwenye betri. Asiyejua hudhani kuwa chuma cha kuvutia kinatosha kuwa ethi. Kumbe rangi, grisi na kutu huuzuia umeme, nao hutafuta njia kupitia balbu nyingine, hata taa zikawaka hafifu na indiketa ikachezacheza breki inapokanyagwa. Lori nalo hutumia volti 24 na gari dogo volti 12, kwa hiyo kuziunganisha taa za gari dogo moja kwa moja na lori ni kuziunguza. Na pale taa za gari bovu lenyewe zinapotumika, huwekwa dayodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme huo wa kuazima usiingie katika mifumo mingine ya gari.

Hata unene wa waya una hesabu yake. Balbu mbili za breki za wati 21 kila moja, kwa volti 12, huvuta ampea 3.5. Kwa mkondo huo, waya wa shaba wa mita 10 wenye unene wa milimita ya mraba 0.5 hupoteza zaidi ya volti 1 njiani, ilhali ule wa milimita ya mraba 1.5 hupoteza theluthi moja tu ya hapo. Katika mji wa pwani, ambako hewa ya chumvi hula shaba iliyoachwa wazi, maungio yaliyolehemiwa na kufunikwa hudumu kuliko yale yaliyosokotwa kwa vidole.

Kazi hukamilika kwa jaribio: mmoja hukanyaga breki na kuwasha indiketa, mwingine husimama nyuma na kutaja anachokiona. Ujuzi wa aina hii hurithishwa zaidi gereji kuliko darasani, na ndiyo maana utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi ni wa haki. Fundi anayejua kwa nini ethi huhitaji waya wake, na asiyeliruhusu gari liondoke kabla kila taa haijajibu, anastahili cheti, malipo kamili na heshima ya wote watumiao barabara.