Ameshika Nini, Amevaa Nini?

Wahakiki wetu wakisikia neno gemu hukunja uso. Kwao gemu ni mambo ya watoto, na fasihi ni kitabu chenye jalada. Mimi nasema hapana. Yapo magemu ambayo ndani yake vijana wanatunga visa, wanaumba wahusika na kupanga migogoro, tena kwa lugha yenye sarufi kali kuliko hii tunayogombania kila siku. Kazi hizo nazo zihakikiwe bwana! Leo nachukua gemu moja, Minecraft, na ndani yake kipengele kimoja tu: zile amri za kumtambua mchezaji ameshika nini mkononi na amevaa nini mwilini.

Kwa asiyeijua, Minecraft ni gemu lililozaliwa Uswidi na kutoka rasmi mwaka 2011. Halikulazimishi kufuata hadithi yoyote. Unapewa dunia ya vitofali, ujenge na kubomoa upendavyo. Mwaka 2012 kikaongezwa kitofali cha pekee, kitofali cha amri. Unaandika mstari wa maneno ndani yake, dunia inatii. Hapo ndipo mchezaji alipopata nafasi ya kuwa mtunzi.

Sasa tuseme mtunzi anataka mlango umfungukie mwenye upanga wa almasi tu. Lazima aiulize dunia: huyu kashika nini? Kwa miaka mingi njia iliyozoeleka ilikuwa kuchungulia data za mchezaji, kama karani anayepekua faili. Kichwa kilikuwa nafasi namba 103, kifua 102, mapaja 101, miguu 100. Mkono wa pili, ulioongezwa mwaka 2016, ukapewa namba -106. Ukikosea namba hupati hata lawama, kimya tu. Toleo la 1.20.5, la Aprili 2024, likaleta sentensi inayosomeka: "execute if items entity @s weapon.mainhand minecraft:diamond_sword". Yaani, ikiwa huyu, katika mkono wake mkuu, ana upanga wa almasi. Mbele yake unaandika tendo litakalofuata. Ukitaka kujua kavaa nini kichwani, mahali pa mkono unaweka "armor.head". Wanaocheza Bedrock, toleo linaloingia hata kwenye simu, wao wana kichujio kiitwacho "hasitem" kwa kazi hiyohiyo.

Itazame vizuri sarufi hiyo, ndugu mwandishi. Inamdai mtunzi mambo matatu: nani, wapi, kitu gani. Huwezi kuiambia "alikuwa na upanga" ukaishia hapo. Alikuwa nao wapi? Upanga uliomo begini hauonekani kwa swali la mkononi. Hebu sasa pitia hadithi zetu chipukizi. Mhusika ana bastola ukurasa wa pili, hatuambiwi kaiweka wapi, na ukurasa wa kumi inalia tu ghafla. Amri ya Minecraft ingemrudishia mwandishi huyo karatasi yake.

Basi kwa upande wa fani, naisifu. Tatizo ni maudhui. Ramani nyingi nilizocheza zinalitumia swali hili kama bawabu: una ufunguo, pita, huna, rudi ulikotoka. Ujanja nyuma yake ni mkubwa, sikatai. Kipo kifaa cha karoti iliyofungwa kwenye kijiti, ambacho gemu linaweza kuhesabu kila unapokitumia. Kwa hiyo watunzi hukivalisha sura nyingine. Unaona fimbo ya mchawi inarusha radi, kumbe ukiivua nguo ni karoti! Huo ni ufundi. Lakini fimbo hiyo inamgharimu nini aliyeishika? Inambadilisha vipi? Haimgharimu kitu, wala haimbadilishi. Ni swichi ya taa tu.

Linganisha na vitu ambavyo gemu lenyewe huvitambua. Yupo kiumbe mrefu mweusi, Enderman, ambaye ukimtazama usoni anakugeukia kwa hasira. Ukivaa kichwani boga lililochongwa, unaweza kumtazama salama. Lakini boga hilo linakuziba macho, unaiona dunia kupitia vitundu. Wapo na Piglin, wakazi wa dunia ya moto iitwayo Nether. Ukivaa hata kipande kimoja cha dhahabu wanakuacha upite, ingawa kofia ya dhahabu inakulinda vibaya kuliko ile ya almasi uliyoivua. Tena ukithubutu kufungua sanduku mbele yao, wanakuvamia pamoja na dhahabu yako. Hapo vazi lina bei. Hapo pana mgogoro, na penye mgogoro hadithi imeanza.

Wazee wetu hili walilijua zamani. Fumo Liyongo hauawi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Hiyo ni amri kamili: nani, wapi, kitu gani. Lakini mtunzi hakuishia kwenye sharti. Sindano ilitaka mtu wa kuishika, na aliyeweza kumkaribia Liyongo usingizini ni mwanawe wa kumzaa. Bei yake ni mtoto kumuua baba. Kisha Liyongo, ameshachomwa, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale kwenye upinde na kukata roho hivyohivyo. Watu wa mji wanauona upinde mkononi, wanaogopa kwenda kuteka maji. Waliupima mkono, hawakuipima pumzi. Na katika Minecraft ni vilevile: kile kinara cha kutundikia mavazi, ukikipachika upinde, amri ya mkono itakujibu ndiyo, kashika. Haijali kama aliyeshika yu hai.

Sisi vijana wa mjini swali hili tunalijua kwa ngozi zetu. Fika mlango wa ofisi na kandambili uone. Askari ameshakusoma, si mtu wa kupita. Njoo kesho na suti ya kuazima, "karibu bosi." Tunamlalamikia, halafu tukishika kalamu tunamwiga yeye yule: mwenye mkoba wa ngozi ni fisadi, mwenye miwani ni msomi, mwenye sketi fupi ni kahaba. Tumetazama mkono na nguo, tumefunga hukumu.

Ninachowadai watunzi wa ramani, na wa hadithi pia, si kikubwa. Baada ya kuuliza ameshika nini, uliza na kimemgharimu nini. Amri za Minecraft zinaruhusu. Sharti moja unaliunganisha na jingine, hadi ufike kwenye tendo. Mwenye taji alifunguliwe lango la mfalme, sawa, lakini wanakijiji wamfungie milango yao. Mwenye upanga mkononi ashindwe kumbeba mgonjwa hadi auweke chini. Ni mstari mmoja au miwili ya ziada. Atakayetunga ramani ya namna hiyo aniletee niicheze. Nitaihakiki hapahapa, wala sitamwonea haya.