Nati Tano Mbele, Nati Nne Nyuma

Ford Mustang ya 1965 yenye injini ya silinda sita hujitambulisha kwenye magurudumu: nati nne kila moja. Ya V8 ina tano. Mwenye jicho huisoma hadhi ya gari kabla boneti haijafunguliwa. Sasa ifungie hiyo ya silinda sita breki za diski za kisasa mbele, zile zinazouzwa seti nzima, badala ya dramu zake. Nyingi huja na habu za nati tano, kwa hiyo mbele gari linajidai V8 na nyuma linakana.

Hiyo ni kasoro ya sura tu. Ya ndani ni nzito zaidi. Breki ya dramu ni umbo lililojifunga: shuu mbili zimejificha ndani, na dramu inapozunguka huzivuta na kuzikaza zaidi. Mwendo unaozuiwa ndio unaomsaidia dereva kuuzuia. Fani hii naipenda, ila joto huishinda: kwenye mteremko mrefu dramu hupanuka ikiziacha shuu, na kanyagio huzama. Diski iko wazi, hupigwa na upepo na kupoa upesi, lakini haijisaidii. Pedi huibana pande mbili bila cha kuzivuta. Gharama hulipwa na mguu, au na busta.

Ndiyo maana kubadili breki za mbele na kuishia hapo ni sawa na kuhariri nusu ya sentensi. Presha inayotosha kuibana diski huzifunga mapema dramu za nyuma, nalo gari huyumba mkia. Inatakiwa vali ya kuipunguza. Masta silinda ya 1965 nayo ina chumba kimoja kwa magurudumu yote manne: bomba moja likipasuka, breki zimekwisha. Ford waliigawa katika modeli ya 1967. Vilevile hiyo ya 1965 ina kivali cha kubakiza presha kilichokusudiwa dramu. Kikiachwa, pedi hubaki zikisugua diski safari nzima.

Watetezi wa uasilia hunung'unika kwamba diski ni uzushi. Si kweli. Mnunuzi wa V8 ya 1965 aliweza kuziagiza kiwandani kwa magurudumu ya mbele, zilizotengenezwa na Kelsey-Hayes, kalipa zake zikiwa na pistoni nne. Ninachokilaumu ni mpangilio wa matumizi: kalipa zilizopakwa rangi nyekundu ili zionekane kati ya rimu, na chini ya boneti masta ileile ya chumba kimoja. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningenunua masta ya vyumba viwili na kubaki na dramu zangu.